Jezi ya Kijani kwenye Meza ya Fundi

Fundi alikuwa na tabia moja iliyowafanya watu wazima wasimame mbele ya meza yake kama wanafunzi walioitwa na mwalimu mkuu. Ukimpa jezi, haangalii mbele. Anaigeuza ndani nje, anaitandaza, anavaa miwani, halafu anapitisha kidole kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine, kimya. Wewe umesimama pale, theluji ya viatu inayeyuka sakafuni, unasubiri. Hatimaye anasema "Hii iko sawa," au anasema "Nani amekuuzia hii?" na hapo ujue siku yako imeharibika.

Duka lake lilikuwa Farsta, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi, hatua chache kutoka stesheni ya treni. Chumba kimoja, cherehani mbili, meza kubwa ya kukatia, na birika la chai ambalo halikuwahi kupoa. Wengi walimletea suruali za kupunguza na zipu zilizoharibika, lakini jina lake lilisambaa kwa jezi za hoki ya barafu. Klabu za watoto zilimpa kazi ya kushona majina na namba mgongoni. Watu wazima walivuka mji mzima kutoka Hässelby, wamekumbatia jezi walizoagiza Kanada. Mzee wa Kiganda, mfupi, mwenye kuichukia baridi, ambaye sijawahi kumwona amekanyaga barafu ila kwa bahati mbaya akienda kununua maziwa, ndiye aliyezijua jezi za Kanada kuliko Waswidi wote niliokutana nao.

Nilimfahamu miaka tisa. Nilimpenda, na nilimkosea. Niliingia kati yake na mwanawe kwa sababu ya jezi moja, na nasema hili mapema ili nisije nikajificha nyuma ya visa vyake vya kuchekesha.

Tulikutana kwa sababu ya binti yangu Rehema, aliyejiunga na timu ya wasichana bila kuniuliza kama nina nguvu za kubeba ule mfuko wake wa vifaa. Nilipeleka jezi yake ishonwe jina. Fundi akaniuliza kwa Kiswidi natoka wapi. Nikamwambia Morogoro. Akaweka mkasi chini, akasema kwa Kiswahili, "Basi kaa, nyabo. Chai iko." Nyabo ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima huko kwao, na tangu siku hiyo sikuwa na jina jingine mle dukani.

Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi ya jeshi. Ujanani alishona sare za askari Kampala: vyeo vya mabegani, majina ya kifuani. Siku moja watu waliovaa sare alizozishona kwa mikono yake wakaja kugonga mlango wake, na baada ya hapo akatoka nchini. Zaidi ya hayo hakusema, nami sikumchimba. Lugha ikabaki ile ile ya kambini, fupi na kavu. "Hii iko mbaya." "Hapana, fumua." Mimi nilikuwa namsahihisha. Nikisikia "jezi yake iko chafu" nasema "ni chafu, mzee, siyo iko chafu," naye ananitazama juu ya miwani. "Nyinyi Watanzania mnapaka sukari kwa maneno," alikuwa akisema. "Mtu akinywa hajui chai yenyewe ilikuwa aje."

Nilidhani ananitania. Sasa najua alikuwa ananionya.

Msimamo wake juu ya jezi ulikuwa mkali na hauna mlango wa nyuma. Namba lazima isomeke kutoka kiti cha juu kabisa uwanjani, kile cha mtu aliyechelewa kununua tiketi. Nembo ishonwe kwa uzi, isibandikwe. Kamba za shingoni alizipenda, ingawa hazifungi chochote. Rangi nyeusi aliidharau. "Timu ikikosa akili inavaa nyeusi," alisema. Tangazo la biashara kifuani lilimkera hadi akasimamisha mguu kwenye cherehani, kwa sababu kifua, kwake, ni mahali pa jina la mtu au la watu wake. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni ukanda wa ndani, ule wa mgongoni unaofungwa kwenye suruali, ili wachezaji wakikunjana mashati mtu asifunikwe kichwa na jezi yake mwenyewe akapigwa bila kuona. Aliwaonyesha wateja ukanda huo kama anaonyesha picha ya mjukuu. "Hii nguo inajua kazi yake," anasema.

Na bado alikuwa mtu wa ajabu. Alimshonea kila mtu nembo, hata ya timu ambayo yeye mwenyewe haipendi, na aliishona vizuri kuliko zote. Lakini jezi yenye rangi za jeshi hakuigusa. Kuna timu hutoa zile za mabaka mabaka kwa heshima ya askari wao. Bwana mmoja Mswidi aliileta, amefurahi nayo kweli kweli. Fundi akaikunja pembe kwa pembe, akamrudishia, akasema "Nej tack," hapana asante, kwa upole, kama mtu aliyekaribishwa keki ilhali ameshiba. Yule bwana akauliza kwa nini. Fundi akawasha cherehani. Bwana akasimama pale muda mrefu, mashine inanguruma, kisha akaondoka.

Jumanne ilikuwa siku yetu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na Jumanne nilikuwa natoka saa tisa alasiri. Nilipitia dukani, nachukua kishikwambi chake, naingia kwenye ukumbi wa mtandaoni ambako mashabiki wa Kanada hawajadili mechi hata kidogo. Wanabishana nguo tu: mistari, kola, rangi ya soksi, jezi za zamani zilizorudishwa, jezi ya tatu ambayo kila timu hujitengenezea juu ya zile mbili za kawaida. Nilimsomea, yeye akishona. Kisha ananiambia la kujibu, kwa Kiswahili, nami naliandika kwa Kiingereza. Kiingereza alikijua vizuri tu, ila alisema akikasirika kwa Kiingereza anajisikia kama anamwigiza mtu mwingine. Tulijiita Fundi Farsta.

Watu wa kule walimpenda. Palikuwa na mama mmoja, dereva wa malori ya ngano, aliyetetea kila jezi ya kahawia iliyowahi kuvaliwa duniani. Yeye na Fundi walipigana juu ya kahawia majira yote ya vuli. Fundi alisema, "Kahawia iko rangi ya sofa." Mimi nikaandika kwamba timu ikivaa kahawia, mpinzani anashindwa kuamua ashambulie au akae aangalie televisheni. Ukumbi mzima ukacheka. Yule mama akaandika kwamba Fundi Farsta ni mtu hatari na anamheshimu.

"Umeandika vile nimesema?" Fundi aliniuliza.

"Nimeandika, mzee."

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumanne. Yeye ananipa maneno matano, mimi natoa ishirini. Nilikuwa nawarekebishia wazee wa watu mito ya kitanda siku nzima bila mtu kuniambia nina akili, halafu jioni nasoma sifa kutoka ng'ambo ya bahari, nazila kimya kimya. Sitaki kusema nilikuwa namsaidia. Nilikuwa najifurahisha.

Alikuwa na mtoto mmoja. Mkewe alifariki huyo mtoto akiwa na miaka minne, na Fundi wakati huo alikuwa anabeba mizigo kwenye bohari moja huko Jordbro mchana, anashona jioni. Mtoto alikulia chini ya meza ile ya kukatia. Alicheza na vipande vya vitambaa, akalala juu ya vipande vya vitambaa, akasomea pale pale kwa tochi. Alipokuwa mkubwa akaenda Kanada, akawa mchoraji wa nguo za michezo. Fundi hakujua zaidi ya hapo. Kila Jumapili kijana alipiga simu. Baba anaongea Kiswahili, mwana anajibu kwa Kiswidi. Hali ya hewa, macho, chakula. Niliwahi kuwapo mara mbili na zote mbili niliona aibu kwa ule ukimya wao.

Mwaka huo kijana aliahidi kuja majira ya joto na binti yake, mtoto wa miaka sita ambaye Fundi alimjua kwenye kioo cha simu tu. Fundi akanunua kitanda kidogo. Akashona jezi ndogo, bluu na nyeupe, yenye kamba shingoni na ukanda wa ndani, ingawa mtoto wa miaka sita hapigani na mtu. Aliitundika juu ya birika. Wateja walipouliza bei alisema ina mwenyewe.

Jezi ya kijani ilitoka Januari. Ilikuwa jezi ya tatu ya timu moja ya huko magharibi mwa Kanada. Kijani iliyoiva, ile ya turubai la lori la jeshi, na mistari ya rangi ya mchanga. Nilimwonyesha Fundi picha. Cherehani ikasimama. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena.

"Huyu amechora," akasema, "hajafungua mlango akute hii rangi imesimama nje."

Akarudi kushona. Basi, hayo tu.

Nikayaandika vizuri, na nilipaswa kuishia hapo. Lakini nilimwona anainuka kwenda kuufunga mlango kwa ufunguo, nikapata hasira kwa niaba yake, na hasira yangu ina maneno yake. Nikaongeza kwamba mtu huyu hakulelewa. Kwamba angekuwa na baba wa kumfunza angeona haya. Kwetu hilo ni neno la kila siku. Mtu akikupita kwenye foleni unasema huyu hakulelewa, na jioni umeshasahau. Kwa Kiingereza, pale kwenye kioo, lilikuwa zito, na nililiona kuwa zito, na nikabonyeza.

Walilipenda. Walilisambaza huku na huko. Siku ya nne ukaja ujumbe wa faragha, kwa Kiswidi. Naukumbuka neno kwa neno.

"Najua ni wewe, baba. Jezi niliichora mimi. Nilitaka uione kabla hujajua ni ya nani, unipe jicho lako la kweli. Sasa nimejua unavyoniona. Majira ya joto hatutakuja."

Niliusoma ndani ya basi, maana ukumbi ule ulikuwa pia kwenye simu yangu. Nikashuka kituo ambacho si changu. Na sikumwambia Fundi. Nilijiambia nitamwandikia kijana kwanza, nitaeleza, kila kitu kitatulia. Niliandika mara kadhaa nikafuta, kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kizuri mno, na nilikuwa nimeanza kuogopa maneno yangu mazuri.

Jumapili ya kwanza simu haikulia. Fundi akasema labda mtoto anaumwa. Jumapili ya pili akapiga mwenyewe, haikupokelewa. Ya tatu aliacha kuniambia. Jumanne moja alinipa simu yake. "Nyabo, wewe unajua hizi vitu. Angalia kama iko mbovu."

Nikaichukua. Nikabonyeza huku na kule mbele ya macho yake.

"Haina kitu, mzee."

"Haina kitu," akarudia, akaiweka karibu na birika, kioo kikitazama juu ili aone ikiwaka.

Wiki hiyo alimshonea mtoto wa klabu namba tisa, akaishona juu chini, ikawa sita. Mzazi akairudisha anacheka. Fundi hakucheka. Aliifumua uzi kwa uzi, na nikaona anahesabu kwa midomo, kama mtu asiyeamini tena mikono yake. Rehema, ambaye nilikuwa nimemwambia kila kitu, aliniambia nyumbani, "Mamma, du måste säga det." Mama, lazima useme. Nikamjibu kwamba haya si mambo ya watoto. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nilisema mwezi Machi, na wala si kwa ujasiri wangu.

Nilifika dukani Jumanne, Fundi ametoka kununua maziwa, ameniachia ufunguo kwa jirani kama kawaida. Akaingia mteja kutoka Hässelby, mama wa makamo, ana haraka. Akaweka mfuko mezani, akasema anataka jina la mumewe mgongoni, zawadi, atarudi kesho. Alipotoka nikafungua. Ilikuwa ile jezi.

Nilifikiria kuificha. Nasema ukweli: nilishainua rundo la suruali, jezi mkononi, natafuta pa kuisukumia. Mlango ukafunguliwa. Fundi akaniona, akaiona rangi, akaweka maziwa chini.

"Nani ameleta?"

"Mama mmoja. Nitamrudishia, mzee. Najua hushoni hii."

"Leta."

"Mzee, acha tu."

"Nyabo. Leta."

Nikampa. Alikaa nayo mapajani kwa muda, anaishika kwa ncha za vidole, kama inaweza kuungua. Nilingoja aikunje pembe kwa pembe. Lakini mikono ina mazoea yake kuliko moyo. Akaigeuza ndani nje. Akavaa miwani. Kidole kikaanza safari: ubavuni, kwapani, kolani. Kikafika bega la kushoto kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikapita tena.

"Njoo uone," akasema, sauti imeshuka.

Pale begani mshono ulikuwa umekunjwa mara mbili na kufungiwa kwa ushonaji mfupi wa mshazari, mistari mitatu. Sikuelewa.

"Hivi tulifunga vyeo vya askari, visichanike," akasema. "Mimi nimejifunza kwa mzee mmoja pale kambini, na mimi nimefundisha mtu mmoja tu. Alikuwa ananishikia taa chini ya hii meza." Akanitazama. "Hii nguo imechorwa na nani?"

Nikakaa kwenye kiti cha wateja na nikamwambia. Jezi, ujumbe, simu ambayo haikuwa mbovu.

"Soma," akasema.

Nikamsomea ujumbe wa mwanawe. Kisha akataka nimsomee na kile nilichoandika, kwa Kiswahili, bila kuruka. Nilipofika kwenye "hakulelewa" aliinua mkono.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Hapana."

"Nani alisema?"

"Mimi, mzee."

"Kwa jina langu."

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alipitisha tena kidole kwenye bega lile, mara nyingi, hadi nikaona amesahau kwamba nipo. Kisha akasema, polepole, "Nilikuwa naogopa hilo hilo neno, unajua. Miaka yote. Kwamba sikumlea, nilishona tu yeye akiwa pale chini. Na wewe umeenda kumwambia ni mimi nimesema." Akavua miwani. "Piga."

Nikapiga kwa simu yangu, nikaweka sauti ya nje. Kule ilikuwa asubuhi. Iliita muda mrefu.

"Ja?" Sauti ya mwanaume, ya tahadhari.

"Niko na jezi yako hapa mezani," Fundi akasema.

Nikasikia mlango unafungwa kule.

"Rangi iko mbaya," Fundi akaendelea, nikafumba macho. "Siwezi kukudanganya. Hiyo rangi mimi naijua, na ungeniuliza ningekuambia. Lakini bega la kushoto liko sawa. Hata mimi siwezi kufanya vizuri zaidi."

Halafu kijana akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili kile kile kikavu cha kambini, "Nilikuwa nashika taa, baba."

"Ulikuwa unashika," Fundi akasema. "Yale maneno mengine si yangu. Mwenye maneno yuko hapa, atakuambia mwenyewe."

Akanisukumia simu, akainuka, akaenda na ile jezi kwenye cherehani.

Nikaishika. Nikataja jina langu. Nikasema: baba yako alisema moja, mimi nikaongeza la pili, na ujumbe wako nikauficha wiki sita. Sikutia kitu kingine chochote. Nyuma yangu mguu ukashuka kwenye kanyagio na mashine ikaanza kunguruma.

"Hiyo ni cherehani?" kijana akauliza.

"Ndiyo."

"Anashona nini?"

Niligeuka nikatazama. Kitambaa cha kijani kilikuwa kinapita chini ya sindano, herufi ya kwanza ya jina la mume wa watu imeshakaa mgongoni.

"Yako," nikamwambia.

Hakukata simu. Tulikaa hivyo, mimi huku na yeye kule, tukimsikiliza baba yake anashona.